Jinsi ya Kuainisha Kasoro za Kuzaliwa za Kizazi na Uke, Hatua kwa Hatua

Ripoti imeandikwa "kizazi chenye pembe mbili". Unauliza aliyepima aliliona vipi paa la kizazi kwa nje, unajibiwa kwamba kipimo kilikuwa HSG, ile eksirei ya kupitisha dawa kwenye kizazi. Basi hakuliona. HSG huonyesha mahali dawa ilipofika, yaani uwazi wa ndani, na ndani kizazi chenye kiwambo, yaani ukuta wa kati unaogawa uwazi, hufanana sana na kizazi chenye pembe mbili. Kinachovitofautisha kiko nje. Mwanamke mwenye kiwambo anaweza kufikiriwa kwa upasuaji mdogo wa kupitia mlango wa kizazi. Kwa mwenye pembe mbili, mkasi wa upasuaji huohuo ukiingia katikati unaweza kutoboa kizazi na kutokea tumboni.

Mwongozo huu ni wa wanaopima, wanaosoma ripoti, na wanafunzi wa udaktari, ukunga na radiolojia. Eleza umbo kwanza, jina lifuate, na ukiliandika jina taja na mfumo ulioutumia. Kwa nini nalishikilia sana hilo la mwisho utaliona kwenye hatua ya 4, kizazi kimoja kitakapopewa majina tofauti bila kubadilika hata milimita.

Hatua ya 1: Shika vitenzi vitatu

Usianze kwa kukariri orodha. Kila kijusi huanza na mirija ya Müller, mmoja kila upande, iliyopewa jina la Mjerumani Johannes Müller aliyeieleza mwaka 1830. Korodani zikiwepo hutoa homoni inayoifuta. Zisipokuwepo, mirija hiyo hufanya mambo matatu: hukua, huungana, na ukuta uliobaki kati yake huyeyuka. Huanza kuonekana karibu na wiki ya 6, na kuyeyuka hukamilika karibu na wiki ya 20. Sehemu za juu ambazo hazikuungana ndizo mirija ya uzazi. Zilizoungana huwa kizazi, shingo yake na sehemu ya juu ya uke. Sehemu ya chini ya uke hutoka kwenye sinasi ya urojenitali, kifuko kingine cha kijusi, na mahali pawili hapo panapokutana pasipofunguka vizuri, njia huziba.

Karibu kila kasoro utakayokutana nayo ni kitenzi kimoja kilichogoma. Mirija yote miwili isipokua, kizazi hakipo. Usipokua mmoja, kizazi ni cha pembe moja. Ikikua lakini isiungane kabisa, utakuta vizazi viwili na shingo mbili. Ikiungana chini tu, pembe mbili zenye shingo moja. Ikiungana yote halafu ukuta wa kati usiyeyuke, hicho ni kizazi chenye kiwambo: nje kimoja, ndani viwili.

Ovari hazitokani na mirija hii. Ndiyo maana binti asiye na kizazi huweza kuwa na matiti yaliyokua sawasawa na homoni zisizo na kasoro. Figo nazo si sehemu ya mirija ya Müller, lakini mrija wa mkojo huchipuka kwenye mirija ya Wolff, mirija mingine ya kijusi iliyo jirani wa karibu kabisa, na hitilafu ya jirani mmoja mara nyingi humfikia mwenzake. Tutairudia figo.

Hatua ya 2: Msikilize na umkague kabla ya kuwasha mashine

Binti aliyefikisha miaka 15 au 16, matiti yamekua, hajapata hedhi: fikiria kizazi kisichokuwepo au njia iliyoziba. Akiwa na maumivu yanayokuja kila mwezi bila damu kuonekana, kuziba kunatangulia. Mwingine anapata hedhi kila mwezi lakini maumivu yanazidi mwezi hadi mwezi tangu alipovunja ungo. Huyu ndiye anayesahaulika, kwa sababu kuona damu humtuliza kila mtu, hata daktari. Kumbe upande mmoja unatoka na wa pili umefungwa. Yuko pia anayelalamika kwamba akiweka tamponi damu inavuja vilevile. Huenda ana uke wenye kiwambo cha urefu, na tamponi inaingia chumba kimoja tu.

Wakati wa kukagua uke, jihadhari na spekulamu, kile kifaa cha kuufungulia. Kiwambo cha urefu ni chepesi. Ukiingiza spekulamu inaelekea chumba kimoja, unapoifungua mabawa yanakisukuma kiwambo kikalala ubavuni, na mbele yako inatokea shingo moja nzuri iliyo mahali pake. Huna sababu ya kushuku chochote. Nimewahi kumwona mwanamke aliyechukuliwa sampuli za uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi zaidi ya mara moja, zote kutoka shingo ileile, na ya pili haikuwahi kuguswa. Basi kabla ya spekulamu, tenganisha midomo ya uke taratibu uangalie kama kuna ukingo wa nyama unaoshuka katikati, na wakati wa kuitoa spekulamu, itoe polepole huku ukitazama kuta zote. Kwa binti ambaye hajawahi kujamiiana huhitaji spekulamu. Kuangalia kwa nje na ultrasaundi ya tumbo hutosha kuanzia, na MRI, picha ya sumaku, itamaliza.

Hatua ya 3: Kizazi kipo?

Kama hakipo, au kuna vinundu viwili vidogo tu, sindromu ya Mayer-Rokitansky-Küster-Hauser (MRKH) ndiyo inayofikiriwa kwanza. Humpata takriban mtoto wa kike mmoja kati ya 4,500 hadi 5,000. Lakini usiandike jina hilo kabla ya kupima kromosomu na testosteroni, kwani kuna hali nyingine inayofanana nayo machoni: mwili usioitikia homoni za kiume. Mwenye MRKH ni 46,XX, ana ovari, na nywele za sehemu za siri ni za kawaida. Yule mwingine ni 46,XY, ana korodani ndani ya tumbo au kwenye kinena, testosteroni yake iko kiwango cha kiume, na nywele ni chache mno au hakuna. Ushauri wanaopewa wawili hawa haufanani hata kidogo.

Vile vinundu navyo visipuuzwe. Baadhi vina utando wa ndani unaofanya kazi na huleta maumivu ya kila mwezi. Mfumo wa Ulaya, tutakaouona hatua ya 4 na ambao herufi yake U ni kizazi, unavitenga: U5a ikiwa kuna uwazi, U5b ikiwa hakuna.

Hatua ya 4: Tazama nje, kisha pima ndani

Picha unayoihitaji ni ile inayokikata kizazi kwa mbele, ikaonyesha paa lake kwa nje na pembe zote mbili za uwazi kwa pamoja, kama pembetatu iliyosimama kwa ncha. Ultrasaundi ya kawaida ya uke ni nadra kukupa mkato huo, kwa sababu unahitaji kifaa chenye uwezo wa 3D au MRI. Zamani uthibitisho ulikuwa histeroskopi pamoja na laparoskopi, moja ikitazama ndani na nyingine nje. Siku hizi si lazima kumlaza mtu mezani ili kujua umbo tu. Kama unaweza kuchagua siku, chagua nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, utando wa ndani ukiwa mnene na unang'aa, maana ndio unaochora mpaka.

Anza na nje. Paa likiwa bapa, limevimba kidogo, au limebonyea kidogo tu, kizazi kiliungana. Likizama, hakikuungana. "Kuzama" ni kiasi gani? Chama cha uzazi cha Marekani, ASRM, kinasema zaidi ya sentimita 1. Vyama vya Ulaya ESHRE na ESGE, katika mfumo wao wa 2013, vinasema zaidi ya nusu ya unene wa ukuta wa kizazi.

Sasa ndani. Chora mstari kutoka mahali mrija wa kulia unapofungukia hadi wa kushoto. Kutoka kwenye mstari huo shuka hadi ncha ya mbonyeo, na hicho ndicho kina. Kutoka kwenye mstari huohuo panda hadi ukingo wa nje wa paa, upate unene wa ukuta. Kisha pima pembe kwenye ncha ya mbonyeo, mikono yake ikifuata utando kila upande. Namba tatu. Ziandike hata kama unaona jibu liko wazi.

Chukua mfano. Nje ni bapa, kina milimita 8, ukuta milimita 12, pembe nyuzi 110.

Kwa ESHRE/ESGE, 8 ni zaidi ya nusu ya 12, kwa hiyo hiki ni kizazi chenye kiwambo kisichokamilika, U2a. Kwa mwongozo wa ASRM wa 2016, kina chini ya sentimita 1 na pembe zaidi ya nyuzi 90 ni kizazi cha upinde, ambacho hakihesabiwi kuwa tatizo. Kwa kigezo cha kundi la wataalamu wanaojiita CUME, kilichotolewa 2018, kiwambo huanzia kina cha milimita 10, kwa hiyo mwanamke huyu hana kiwambo.

Badilisha namba: kina milimita 12, pembe nyuzi 85, ukuta uleule. ESHRE/ESGE haibadiliki, ni U2a. CUME sasa inasema kiwambo. ASRM ya 2016 inabaki njia panda, kwa sababu ilitaka kina kizidi sentimita 1.5 ndipo kiitwe kiwambo, na kwa upinde kisifike 1. ASRM yenyewe ilipotoa mfumo mpya mwaka 2021 ilishusha sharti hadi kuzidi sentimita 1 na pembe chini ya nyuzi 90, na hapo mwanamke huyu akaingia.

Ndiyo maana nasema jina bila mfumo halina maana. Hata takwimu zisomwe kwa jicho hilo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2011 yalikuta kasoro hizi kwa asilimia 5.5 ya wanawake wasiochaguliwa kwa sababu yoyote, asilimia 8 ya wenye ugumba, na 13.3 ya waliowahi kupoteza mimba. Ukitumia mpaka wa nusu ya ukuta, wanaoitwa "wenye kiwambo" huongezeka, na hakuna aliyebadilika mwili.

Mitego miwili ya kipimo. Mkato ukiinama kidogo, mbonyeo hutokea mahali ambapo haupo au unapungua ulipo, kwa hiyo zungusha picha mpaka matundu ya mirija yote mawili yaonekane kwenye mkato mmoja ndipo uweke alama. Na faibroidi (uvimbe wa misuli ya kizazi) iliyokaa kwenye paa huweza kusukuma uwazi ikaiga kiwambo. Angalia unene na mwonekano wa ukuta hapo katikati kabla ya kuandika.

Paa likiwa limezama, uko kwenye U3 ya Ulaya: U3a ikiwa mgawanyiko haufiki shingoni, U3b ikiwa unafika. U3c ni mchanganyiko, ambapo nje kumezama, lakini ukuta wa katikati ni mnene kuzidi asilimia 150 ya ukuta wa kawaida, maana yake kuna mgawanyiko na kiwambo juu yake. Mfumo wa zamani wa Marekani, wa 1988, ulitofautisha vizazi viwili kamili (daraja la III) na pembe mbili (daraja la IV). Ulaya wameviweka pamoja, kisha shingo ndiyo inayovitenganisha.

Uwazi ukiwa mmoja, mwembamba, umepinda upande mmoja kama kidole kilichokunjwa, na tundu la mrija ni moja tu, hicho ni kizazi cha pembe moja. Usiishie hapo. Itafute pembe ya pili iliyodumaa, mara nyingi imejificha kando na inafanana na faibroidi au ovari. Ikiwa na uwazi (U4a), damu inaweza kujaa ndani, na mimba inaweza kutunga humo. Mbegu hazihitaji njia ya moja kwa moja. Huweza kupita tumboni kutoka mrija wa upande mzima. Mimba hiyo ikikua, pembe hupasuka, na kupasuka huko huua. Isipokuwa na uwazi ni U4b, na hofu inapungua. Ukiona shaka kwenye ultrasaundi, omba MRI.

U1 ni vizazi ambavyo nje ni sawa lakini uwazi una umbo baya, wa herufi T au wa kitoto. Hapa nasita. Kuta nene za pembeni ni rahisi kuziona pale unapotaka kuziona, na utambuzi wa umbo la T unatofautiana mno kati ya mpimaji na mpimaji. Mfumo wa 1988 ulikuwa na daraja zima, la VII, la waliozaliwa na mama waliotumia dietilstilbestro, dawa iliyopewa wajawazito tangu miaka ya 1940 hadi Marekani ilipotoa onyo mwaka 1971. Daraja hilo linazidi kukosa watu.

Hatua ya 5: Shingo na uke, kila kimoja na herufi yake

Hapa ndipo mfumo wa 1988 ulipopungukiwa. Uliweka kizazi mbele, uke na shingo vikabaki vya kutajwa pembeni. Ulaya wameipa kila sehemu herufi yake: U kizazi, C shingo, V uke.

Shingo: C0 ya kawaida, C1 moja kwa nje lakini ina kiwambo ndani, C2 shingo mbili zilizokamilika, kila moja na duara lake, C3 upande mmoja haupo, C4 haipo kabisa. Kati ya C1 na C2, jicho kwenye spekulamu hushinda mashine mara nyingi.

Uke: V0 wa kawaida, V1 kiwambo cha urefu kisichozuia, V2 cha urefu kinachozuia, V3 kiwambo cha kukingama au kizinda kilichoziba, V4 uke haupo. Sikubaliani na V3. Kizinda kilichoziba hakina shida ya mirija ya Müller hata kidogo. Binti akikohoa au kujikaza unakiona kinatuna chenye rangi ya buluu, na hufunguliwa kwa upasuaji mdogo. Kiwambo cha kukingama kinaweza kuwa kinene na kiko juu, hakitunishwi na kikohozi, na anayekikata akidhani ni kizinda anaweza kuacha kovu linalobana uke maisha yote. Ukiandika V3, ongeza kwa maneno ni kipi, unene wake, na umbali wake kutoka kwenye kizinda.

Hatua ya 6: Panda juu, tazama figo

Haichukui dakika mbili. Probu iko mkononi, mgonjwa amelala. Figo moja kukosekana ni jambo la kawaida kwa wanawake hawa, hasa wenye kizazi cha pembe moja, na karibu kila mara hukosekana upande uleule wenye kasoro.

Mfano unaotisha zaidi kusahaulika ni huu: vizazi viwili, uke uligawanyika, nusu moja imeziba, na figo ya upande huo haipo. Huitwa OHVIRA, au Herlyn-Werner-Wunderlich. Msichana anapata hedhi yake kupitia upande ulio wazi, huku wa pili ukijaa damu. Anaambiwa maumivu ya hedhi ni ya kawaida, anapewa dawa, anarudi, anapewa nyingine. Anayekumbuka kuangalia figo hulipata jibu kabla ya wengine. Na kwa njia ya kinyume, mtoto wa kike aliyegunduliwa ana figo moja, kizazi chake kichunguzwe mapema akianza kupevuka, kisingoje maumivu.

Hatua ya 7: Andika

Binti huyo wa OHVIRA, ukimweka kwenye mfumo wa 1988, ni "daraja la III". Basi. Uke ulioziba, ambao ndio unaomtesa, haumo. Kwa Ulaya ni U3b C2 V2, na figo unaitaja kando. ASRM ya 2021 iliacha herufi na namba ikarudi kwenye majina yanayoeleweka, katika makundi tisa yenye michoro, na ingemwandika kwa maneno: vizazi viwili, nusu moja ya uke imeziba. Mimi huandika vyote viwili, maneno na herufi. Anayefanya upasuaji husoma maneno, anayekusanya takwimu husoma herufi.

Kwa yule mwanamke wa hatua ya 4, ripoti yangu ingekuwa hivi:

"Ultrasaundi ya 3D, siku ya 22 ya mzunguko. Paa la nje bapa. Mbonyeo wa ndani milimita 8, ukuta milimita 12, pembe nyuzi 110. Shingo moja, uke wa kawaida, figo mbili zipo. ESHRE/ESGE 2013: U2a C0 V0. Kwa vigezo vya ASRM 2016 ni kizazi cha upinde. Kwa CUME 2018 hakuna kiwambo."

Isiyoingia popote ni U6, na kuiandika si aibu. Eleza tu ulichoona.

Herufi hizo zisigeuzwe kuwa amri ya kukata. Jaribio la TRUST, lililochapishwa 2021, liliwagawa kwa nasibu wanawake wenye kiwambo: kati ya 39 waliopangiwa kukatwa, 12 walipata mtoto hai, kati ya 40 waliosubiri bila kukatwa, 14. Ni kundi dogo na mjadala unaendelea, lakini linatosha kumzuia mtu anayetaka kupasua kwa sababu tu ripoti imesema U2a.

Mpe mwenyewe nakala ya picha ya ule mkato wa mbele, ikiwa na alama za vipimo juu yake. Atakwenda kwa daktari mwingine, pengine anayetumia mfumo mwingine, na kwa namba zile tatu huyo ataweza kuainisha upya bila kumpima tena.